Kasuku Aliyechoka na Wageni

Kidole alichoumwa mkurugenzi kilikuwa cha shahada, cha mkono wa kulia, na kwa muda wa wiki mbili mafaili ya idara nzima yalilala mezani kwake bila saini. Hayo alituambia binamu yangu, ambaye faili lake la kupandishwa cheo lilikuwa humo humo, chini kabisa ya rundo. Mimi nilikuwapo wakati wa tukio. Nilikuwa nimesimama na dele la kahawa mkononi, nikamwona kasuku akisimamisha manyoya ya shingo, nikamwona mkurugenzi akisogeza kidole huku akisema, “Habibi, habibi,” na sikutia neno. Mimi nani hata nimwambie mkurugenzi aondoe kidole chake?

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Nilikuwa nimekuja Maskati kwa mama yangu mkubwa, dada yake mama, kwa ziara ya mwezi mmoja, na ziara hiyo sasa ilikuwa inaingia mwaka wa tatu. Shule niliiacha Unguja darasa la saba. Tangu hapo nimeuza betri Tanga, nimepakia magunia Mombasa, nimemshikia tochi fundi wa mafriji Dubai, na kila pahala niliondoka mara tu nilipokwisha kujua mambo yake yanakwendaje. Pale kwa mama mkubwa nilikawia kwa sababu chakula kilikuwa kizuri na kwa sababu ya kasuku.

Nyumba yao ilikuwa Amerat, nyuma ya milima, nyumba mpya ambayo rangi yake ilikuwa bado inanuka. Asubuhi kila mwenye kazi alipanda gari lake, akapita Wadi Adai kwenda mjini, na nyumbani tukabaki watatu: mama mkubwa, kasuku na mimi. Mama mkubwa alikuwa na watoto wawili, huyo binamu yangu wa wizarani na dada yake aliyefanya kazi benki kule Ruwi. Wote wawili aliwasemesha Kiswahili, na wote wawili wakamjibu kwa Kiarabu. Kasuku alimjibu kwa Kiswahili. Alikuwa wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, kaletwa na jamaa yetu wa Bujumbura, na alikuwa na sauti ile ile ya mama mkubwa. “Umekula?” “Pita ndani!” “Funga mlango, vumbi linaingia!” Siku nzima wakizungumza, yeye jikoni, ndege kwenye tundu lake, kama mabibi wawili waliotenganishwa na ukuta. Mimi nilipofika nilidhani nitakuwa mtu wa tatu katika mazungumzo hayo. Haikuwa rahisi. Kasuku alikuwa ametangulia.

Kwa kuwa alilelewa kama mtoto wa nyumba, kasuku alikuwa na wajibu wa mtoto wa nyumba, nao ni kuamkia wageni. Na wageni hawakuwa na kiasi. Ukoo wetu wote uliotoka Unguja umetawanyika Maskati, na kila mmoja akipata gari anakwenda kumtazama mwenzake. Wakishakaa katika majilisi, chumba cha wageni, utaratibu ulikuwa mmoja: kwanza halua, kisha kahawa, kisha kasuku. Tundu lilizungushwa kama sinia. “Mpe mkono mjomba! Mpe mkono bibi!” Kila mgeni akatia kidole, na kila mgeni akacheka, mpaka siku kasuku alipoamua kuwa imetosha.

Alipoanza kuuma, mama mkubwa hakuwa na shaka ya sababu.

“Kapigwa jicho,” alisema. “Watu wanamsifu bila kusema mashaallah.”

Dawa ya jicho ni kufukiza. Kwa hiyo kila kasuku alipouma mtu, mama mkubwa alikimbilia chetezo, akatia makaa na ubani, akamzungushia mgonjwa moshi palepale mbele ya wageni. Sasa hapa nieleze jambo ambalo kila mtu wa Maskati analijua na ambalo nyumba nzima ile ililisahau. Chetezo kikitoka mbele ya mgeni, maana yake ziara imekwisha. Waarabu wamelitia katika msemo kabisa: baada ya udi hakuna kukaa. Mgeni anajifukiza ndevu na mikono, anashukuru, anavaa viatu. Basi wageni wetu walipokiona chetezo kinaingia, hata kama walikuwa wamefika muda huo huo, walitazamana, wakajifukiza kidogo kwa adabu, wakaomba ruhusa. Nyumba ikabaki kimya. Kasuku akashusha manyoya, akakunja mguu mmoja, akafumba macho.

“Umeona?” mama mkubwa aliniambia kila mara. “Ubani huo. Umefanya kazi.”

Hata siku ya mkurugenzi ulifanya kazi. Mkurugenzi aliondoka na kidole chake kimefungwa karatasi laini, na gari lake halijatoka uani kasuku alikuwa amekwisha kusinzia.

Usiku ule binamu yangu alimwita mama yake, akaniita na mimi, kama shahidi au kama mshitakiwa wa pili, sikujua.

“Khalas,” alisema. “Baada ya wiki sita watu wanakuja kumposa dada yangu. Watu wazima, watu wa heshima. Akiuma mgeni mmoja tu, mmoja, ndege huyu nampeleka Matrah nikamuuze sokoni.”

Mama mkubwa aliinuka akaenda kulifunika tundu kwa khanga, na nilimsikia kule ukumbini akimwambia ndege, “Lala, mwanangu, usimsikilize huyo.” Kisha akanijia mimi.

“We kutwa huna kazi. Una macho, una masikio, kila kitu unauliza. Hebu mtazame mwenzio ana nini.”

Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo mtu wa ukoo wetu amewahi kunipa kwa kunisifu, nami niliishika kwa bidii. Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikawa naandika nyuma yake: saa ngapi kauma, nani, kabla yake nini, baada yake nini. Baada ya siku kumi niliona jambo lililonishangaza. Siku zisizo na wageni mama mkubwa alifukiza nguo kwa ubani ule ule, na kasuku hakutulia hata kidogo. Alipiga chafya, akahama kona ya tundu. Haukuwa moshi uliomtuliza. Ilikuwa milio ya milango ya magari inayofungwa nje.

Nilipanda basi dogo mpaka Ruwi, kwenye duka la ndege na samaki wa mapambo, nyuma ya kituo cha mabasi. Humo alikuwamo Mkenya mmoja aliyesafisha matundu na kuwalisha ndege, mtu wa bara, mwenye makovu ya midomo ya kasuku kutoka kwenye kucha mpaka kwenye kiwiko. Nikaona huyu amesoma chuo cha kweli.

Nilimsimulia yote. Alinisikiliza huku akisugua sinia la tundu.

“Sadiki, rafiki yangu, huyo ndege hana jini wala hakupigwa jicho,” alisema. “Nyinyi ndio mnamfunza.”

“Tunamfunza nini?”

“Kuuma. Akiuma mnafanya nini?”

“Tunapiga kelele. Halafu tunamfukiza.”

“Halafu?”

“Wageni wanaondoka.”

Akaliweka sinia chini. “Na yeye alikuwa anataka nini?”

Nikaikumbuka milio ya milango ya magari.

“Mudiri wangu hapa akitaka wateja waende, anazima AC. Ndege hana AC. Ana mdomo.”

Alinipeleka mbele ya kasuku mmoja aliyekuwa akiuzwa, akanionyesha. “Ona macho. Mboni inakuwa ndogo, inakuwa kubwa, ndogo, kubwa. Shingo inafura. Mkia unafunguka. Hiyo ni barua anakuandikia, ati usinikaribie. Nyinyi barua hamsomi, mnangoja polisi.”

“Sasa dawa?”

“Usimpe kidole, mpe kijiti. Akipanda, lozi moja. Akikataa, achana naye, usimlazimishe. Akikuuma usipige kelele, hata damu ikitoka, kwa sababu kwake hiyo ni sinema. Na huo moshi acheni, kifua cha ndege ni chepesi. Pia apumzike, asiletewe wageni.”

“Hilo la mwisho haliwezekani.”

Alinitazama kwa huruma. “Basi mko na ugonjwa mkubwa kuliko wa ndege.”

Nilirudi Amerat na maarifa, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuyasema.

“Mama mkubwa, kasuku kachoshwa na wageni.”

“Astaghfirullah!” Alitazama mlangoni kama kwamba wageni walikuwa wamejipanga pale kusikiliza. “Neno hilo lisirudiwe humu ndani. Mgeni humchosha nani? Mgeni baraka.”

“Kasuku hajui baraka.”

“Ndiyo nkakwambia kapigwa jicho!”

Tukaishia hapo. Lakini alinipa ruhusa ya kuliweka tundu ukumbini, karibu na dirisha la jikoni, kwa hoja kwamba jicho halifiki mpaka jikoni. Wageni walipokuja tukawaambia kasuku ana mafua. Walisikitika sana. Wengine walirudi wiki ile ile kumtazama mgonjwa.

Mafunzo yalichukua muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima alasiri. Nilichonga kijiti cha mpera uliokuwa uani, nikakisogeza kifuani kwake, nikasema, “Panda.” Mboni ikawa ndogo, ikawa kubwa, nami nikaondoka zangu, kama nilivyoagizwa. Mwanzo niliona haya kuondoka. Mtu mzima, nafukuzwa na ndege, mara nne kwa saa. Siku ya nne nilichelewa kuondoka na akanishika baina ya kidole gumba na cha shahada. Sikupiga kelele. Nilisoma kimoyomoyo hesabu ya mara saba, ambayo ndiyo ya mwisho kuijua vizuri, na nilipofika saba mara tisa akaniachia, akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyekata tiketi na sinema haikuanza.

Wiki ya tatu alitia mguu mmoja kwenye kijiti. Wiki ya tano alipanda kwa miguu yote miwili, akala lozi lake, akasema, “Umekula?” Nilimwita mama mkubwa aje aone. Alitoka jikoni akifuta mikono, akamtazama kasuku juu ya kijiti, na machozi yakamlenga.

“Umeona?” alisema. “Nilimfukiza jana ulipokwenda Ruwi.”

Siku ya posa ikafika. Bibi harusi mwenyewe na mposaji walikuwa wamekubaliana zamani. Kilichobaki ni wazee kujifanya ndiyo kwanza wanasikia. Binamu yangu alijitayarisha kama anayekwenda kusaini mkataba wa nchi mbili. Aliandika masharti sita kwenye karatasi, la kwanza kuhusu nyumba watakayokaa na la mwisho kuhusu halua itakayoliwa siku ya harusi, akaitia karatasi kwenye mfuko wa kanzu, na mara kwa mara akaigusa kuhakikisha ipo. Mpango ulikuwa awachukue wageni polepole, kuanzia alasiri mpaka karibu na isha, na jibu litoke mwisho kabisa. Mimi nilipewa kazi yangu ya kawaida: kumimina kahawa, na kuingiza chetezo pale nitakapotolewa ishara.

Wanaume walikuja kumi na mbili. Mkubwa wao alikuwa ami yake mposaji, mzee wa Pemba, mwenye magoti mabovu, ambaye aliwekewa kiti wenzake walipokaa chini. Halua ikapita, kahawa ikapita. Binamu yangu alikuwa bado anauliza hali ya kila mtu aliye hai katika ukoo wao, mzee akakatiza.

“Nasikia mna kasuku msema Kiswahili.”

Binamu alinitazama. Nikamtazama. Mtoto wa nyumba kufichwa mbele ya wakwe lilikuwa jambo baya kuliko mtoto wa nyumba kuuma, au lilikuwa sawa, niliona akipima.

“Mlete,” alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza sanda yake.

Nikaja naye juu ya kijiti, nikasimama mlangoni, hatua tatu mbali na watu. “Pita ndani!” kasuku aliwaambia, na majilisi nzima ikacheka ikasema mashaallah.

“Mlete hapa, aje mkononi,” mzee alisema.

“Mzee, huyu ana haya.”

“Haya gani? Mimi nimefuga kasuku kabla babako hajaoa.” Na akanyoosha kidole.

Watu wote walikuwa wakitazama. Binamu alinifanyia ishara ya macho: mpeleke. Nikasogea hatua moja. Mboni ikawa ndogo. Mzee akainama mbele juu ya kiti, kidole kikaongezeka urefu. Mboni ikawa kubwa. Shingo ikafura, mkia ukafunguka, barua yote ikaandikwa kwa herufi kubwa na ndani ya chumba kile msomaji alikuwa mimi peke yangu. Niliiona safari ya Matrah. Nilimwona mama mkubwa jikoni asubuhi, akiuliza, “Umekula?” na hakuna wa kumjibu. Kumwambia mkwe mtarajiwa aondoe kidole hakuwezekani, na kurudi nyuma na ndege hakukuwezekana, kwani binamu alikuwa amekwisha kusimama nyuma yangu kunisukuma kwa adabu.

Juu ya kijimeza cha mlangoni chetezo kilikuwa tayari, makaa mekundu, udi pembeni, kikingoja ishara ya baadaye sana. Katika dunia nzima nilijua kitu kimoja tu ambacho kasuku yule akikiona mbele ya wageni hutulia. Nikamwaga udi kwenye makaa, nikakinyanyua chetezo kwa mkono wa kushoto, nikakiweka baina ya kidole cha mzee na mdomo wa ndege.

Kasuku alikitazama chetezo. Akashusha manyoya. Akakunja mguu mmoja, kama abiria aliyeona basi lake linakuja.

Ndipo nilipowatazama watu. Wanaume kumi na mbili walikuwa wameshika vikombe hewani. Mtu akija kuposa, hajajibiwa, Fatiha haijasomwa, na mwenye nyumba akamtolea udi, hilo nalo ni jibu.

Mzee alirudisha kidole chake taratibu, akakitumia kukielekezea chetezo.

“Kahawa sijamaliza, neno sijapewa, udi umefika,” alisema. “Huku Amerat ndivyo mnavyokataa watu?”

“La! La, ami!” Binamu yangu aliruka. “Wallahi siyo hivyo!”

“Basi mmekubali?”

“Ami, kwanza kuna mambo mawili matatu...”

“Udi uko mbele yangu, mwanangu. Niinuke nimekataliwa au niinuke nimekubaliwa?”

“Tumekubali!” alisema binamu, na mkono wake ukaigusa karatasi mfukoni kwa mara ya mwisho. “Tumekubali, ami!”

“Fatiha,” akasema mzee, na mikono yote ikainuka.

Vigelegele vilitoka upande wa wanawake kabla ya amina. Robo saa baadaye watu walikuwa wanavaa viatu. Mzee aliegemea bega langu akitafuta mkongojo wake, akaninong'oneza, “Mungu akuweke, kijana. Magoti haya yalikuwa hayafiki isha.” Wakati mgeni wa mwisho anatoka, kasuku alisema kwa sauti ya mama mkubwa, “Funga mlango, vumbi linaingia!” na nashukuru hadi leo kwamba walidhani ni yeye mwenyewe, anatania.

Binamu alirudi kutoka uani akiwa hana rangi. Masharti sita, hata moja halikusomwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukumbini, akalishika tundu.

“Leo leo, huyu anakwenda Matrah!”

Alishika vibaya, kidole kimepita baina ya vyuma. Ukelele wake ulisikika mpaka nyumba ya jirani.

“Umeona! Ameuma!”

Mama mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, bado na bangili zake za sherehe. “Ulisema akiuma mgeni,” alisema. “We mgeni hapa?”

“Mama!”

“Nyumba yako, kasuku wako, kidole chako. Nshasema.”

Binamu alifyonza damu. Aligeuka, akanitazama kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu nifike kunitazama vile, kutoka kichwani mpaka kwenye ndara zake nilizokuwa nimezivaa.

“Basi mgeni wa nyumba hii ni nani?” aliuliza.

Kasuku, ambaye kwa kawaida alikuwa na la kusema, alikunja mguu mmoja.

Asubuhi ya pili, magari yalipokwisha kuondoka, mama mkubwa alikuja chumbani kwangu na chetezo. Hakutia ubani. Ulikuwa udi mzuri, ule wa harusi, anaouweka kwenye mkebe wa bati uvunguni mwa kitanda. Aliniambia ninyooshe mikono, akapitisha moshi chini ya kwapa, nyuma ya shingo, ndani ya shati, kama mtu anayemtengeneza bwana harusi.

“Ruwi si mbali, mwanangu,” alisema. “Mabasi yapo. Na yule Mkenya wako si ana kazi ya matundu?”

“Anayo.”

“Basi.” Machozi yalimtoka, akasema ni moshi. “Ijumaa uje ule.”

Nilikuwa nimekaa zaidi ya miaka miwili, na ni kweli kwamba kwa muda wote ule hakuna aliyewahi kunitolea udi.

Nilichukua mkoba wangu, nikapita ukumbini. Kasuku alikuwa juu ya kijiti chake, dirisha limefunguliwa, jua limemfikia. Nikasimama mbele ya tundu, bila lozi, bila chochote, nikanyoosha kidole kumuaga. Alinitazama. Mboni ikawa ndogo, ikawa kubwa.

Nikakirudisha kidole mfukoni. Nilikuwa nimefika uani niliposikia sauti ya mama mkubwa, sijui ni yake mwenyewe au ya kasuku, ikinambia nifunge mlango, vumbi linaingia.